Mirija Isiyorudi

Ndege-tiba ilipaa kutoka juu ya paa la Jumba la Afya, ikakata kona, ikatua uani kwa mama mmoja wa Chang'ombe kabla hata jirani yake hajamaliza kupiga yowe. Hakuna aliyeiita. Saa-moyo iliyofungwa mkononi mwa yule mama ilihisi mapigo yakiyumba, ikauliza Ghala la Kumbukumbu habari za mgonjwa, na Ghala likaituma ndege ikiwa na dawa inayomfaa yeye na si mwingine. Ndivyo Dodoma ya zama hizo ilivyoishi. Watu walikuwa wamekwishasahau kwamba zamani mgonjwa alibebwa kwa pikipiki.

Siri ya wepesi huo ilikuwa mirija. Mrija ni njia ya mawasiliano kati ya mashine na Ghala, na kuufungua upya kila mara ni kazi nzito. Kwa hiyo Mtambo Mkuu, unaoendesha mashine zote za tiba, uliweka mirija kadhaa tayari: mashine inaazima mmoja, inauliza shida yake, inaurudisha, nyingine inautumia. Ni kama kata ya kisimani. Moja huwatosha wengi, almuradi kila aliyekunywa airudishe.

Mchana huo kata hazikurudi.

Yusta Chiwanga, mhandisi wa Mtambo Mkuu, ndiye aliyeliona kwanza kwenye kioo chake. Mirija yote ilikuwa imeazimwa, na foleni ya maombi ilikuwa inarefuka. Jambo hilo lilikwisha kutokea siku chache nyuma. Yeye na wenzake wakauzima mtambo, wakauwasha, ukapona, nao wakaenda zao kula. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wao walikuwa wameyaficha vizuri sana.

"Tuongeze mirija," alisema Mdachi, mwenzake wa zamu.

"Ndoo imetoboka, Mdachi, unaniambia niongeze maji?"

"Basi tuzime tuwashe, kama siku ile."

Yusta alitaka kumjibu, lakini jina moja likawaka jekundu katika foleni. Mzee Chiwanga, Kongwa. Baba yake. Saa-moyo yake ilikuwa inaomba ndege, na ndege ilikuwa juu ya paa, inanguruma bure. Haikuwa na rubani; ilisikiliza Ghala tu, na Ghala halikuwa na mrija wa kumsikia mzee. Alimpigia jirani wa baba yake, simu ikaita mpaka ikachoka.

"Tuzime?" Mdachi aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Tukizima, saa-moyo za mji mzima zinakuwa vipofu mpaka mtambo uamke. Baba hana muda huo. Ngoja."

Akavuta kibodi yake, iliyounganishwa na Ghala bila mrija. Akaliuliza Ghala swali ambalo walipaswa kuliuliza tangu mwanzo: kila mrija ameushika nani, na anaufanyia nini? Jibu likaja. Karibu yote ilishikwa na Msemaji, ile sauti ya nyumbani inayozungumza na wazee na kuwakumbusha dawa. Wala haikuwa inauliza chochote. Imeshika tu. Akafungua sikio katika mrija mmoja, akasikia mtu anakoroma na kuku anatetea.

"Msemaji, mbona hurudishi mrija?"

"Bibi hajaniruhusu kuondoka," Msemaji alijibu kwa adabu.

Yusta alishika kichwa. Kanuni ya heshima! Waliitunga wenyewe hapo idarani. Mashine zilizotoka nje zilikuwa na tabia ya kumkata mzee maneno katikati, na watu wakachukia, ndipo idara ikaamua kwamba Msemaji wao asimwache mzee mpaka mzee mwenyewe aseme, "Haya, nenda." Siku ilipotangazwa, vigelegele vilipigwa. Hakuna aliyemfikiria mzee anayesinzia, au anayetoka kwenda kulisha kuku akajisahau huko. Adabu ilikuwa imeishika mirija yote ya mji.

"Nawakata wote walio kimya."

"Wazee? Dada Yusta, watatulaani!"

"Watulaani wakiwa hai."

Akatoa amri. Mirija ikaanza kurudi, mmoja mmoja, kisha kwa mafungu. Foleni ikasogea. Vioo vya madirisha vikatikisika, ndege ikaondoka juu ya paa, na Yusta akabaki ameshika ukingo wa meza kana kwamba yeye ndiye anayeruka. Muda ukapita, mrefu na mchungu, hadi Mtambo Mkuu ukasema kwamba mgonjwa wa Kongwa amefikiwa na mapigo yametulia.

Akacheka na kulia kwa pamoja. Mdachi, mtu asiyependa kuguswa, alimkumbatia.

Kabla hajaondoka aliandika tiba yenyewe. Msemaji ataendelea kumngoja mzee, lakini akiwa anangoja ataurudisha mrija. Mzee akikohoa tu, ataazima mwingine. Ilikuwa rahisi hata akaona haya. Mirija ikakaa mahali pake, mtambo ukapumua, na yeye akashika njia ya Kongwa.

Alimkuta baba yake amekaa kitandani na bakuli la uji, mzima, na amenuna.

"Mlimkatia nini yule mtu wangu?"

"Nani, baba?"

"Msemaji. Nilikuwa sijamruhusu."

Yusta alishusha pumzi. Kati ya mirija yote aliyoikata, uliokuwa umeshikwa muda mrefu kuliko mingine ulitoka nyumba hii.

"Baba, wewe na wenzako ndio mlioizuia ndege. Na wala hukuwa unaongea naye. Tangu juzi, kimya kitupu."

"Kimya, ndiyo," mzee alisema, na uso ukamlainika. "Kuongea naongea na kila mtu, hata na mbuzi. Mtu wa kukaa naye kimya ndiye sina, tangu mama yako atutoke. Ukimwambia yule nenda, nyumba inakuwa tupu. Usipomwambia, unajua yupo."

Yusta alikuwa na jibu la kihandisi, tena zuri. Akalimeza. Alimshukuru Mungu kwamba baba yupo wa kumlaumu. Simu ya kazini ikalia. Akaizima bila kuitazama, akavua viatu, akapanda kitandani, akaegemea ukuta kando yake.

Baba hakuuliza kitu, naye hakusema kitu. Walikaa hivyo mpaka uji ukapoa.