Maji ya Mgeni

Siku za likizo Kulusum aliamka mapema kuliko siku za shule. Kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Oli, mtaa wao mjini Arua, alikuwa ameshafagia ua, amerudi kutoka bombani na jerikeni lake la manjano, na amebandika birika kwa ajili ya wateja wa chai wa mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, msichana mpole, asiyependa kumwudhi mtu.

Asubuhi moja Shangazi Sharifah alifika kabla chai haijachemka. Shangazi aliongoza kikundi cha watu wa kujitolea. Alikataa kiti, akaeleza akiwa amesimama kwamba mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo upande wa Koboko. Mto ulikuwa umevunja kingo zake, na kijiji cha Yatuku, kilicho bondeni, kilikuwa kimefunikwa.

"Maji yameanza kushuka na watu wamerudi kwenye nyumba zao," alisema. "Lakini vyoo vimebomoka, na uchafu umeingia visimani. Tunapeleka vidonge vya kusafisha maji. Nahitaji mtu wa kuongea na akina mama bila haraka. Mwanangu Siraji anaenda, lakini yule mdomo wake unakimbia kama boda."

Mama alimtazama Kulusum. Kulusum akafuta mikono yake kwenye kanga na kusema, "Nitaenda, Shangazi."

Walilala Koboko kwa bibi yake Kulusum. Kesho yake, kabla ya kuwaruhusu waondoke, Shangazi aliwafundisha mara mbili. Chuja maji kwa kitambaa safi. Kidonge kimoja kwa jerikeni moja la lita ishirini. Tikisa, funika, ngoja nusu saa. Kisha akawapa kila mmoja chupa ya maji ya kunywa. "Huko msinywe maji yasiyo na dawa. Hata tone."

Kijijini Yatuku, Kulusum na Siraji walipewa nyumba sita. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Helen, mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo sokoni Koboko. Ukuta mmoja wa nyumba yake ulikuwa umelala chini. Ghala la mtama lilikuwa limeondoka na maji, na mbuzi wake wawili pia. Mtoto wake Natale, wa miaka miwili, alikaa juu ya mkeka uliokuwa ukikauka, akichezea kijiko.

"Karibuni, watoto wangu," alisema Mama Helen. "Kaa kwanza. Maji iko."

Kabla Kulusum hajafungua mfuko wa vidonge, Mama Helen alikuwa amepiga magoti mbele yao, kikombe juu ya sahani, kama wanavyofanya wanawake wa kule wanapompa mgeni maji. Siraji alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi nimefunga, mama," alisema.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umepita zamani. Kulusum alijua, na Siraji alijua kwamba Kulusum anajua.

Kikombe kilibaki mbele ya Kulusum. Maji yalikuwa meupe, bila hata chembe ya udongo. Aliutazama ukuta ulioanguka, kisha mikono ya Mama Helen iliyoshika sahani. Mwanamke huyu hakuwa amebakiwa na kitu kingine cha kumpa mgeni. Angeyakataaje? Alinywa kikombe chote, akashukuru.

Baada ya hapo alieleza habari ya vidonge vizuri sana, polepole, hatua kwa hatua. Mama Helen aliitikia kwa kichwa, akapokea pakiti ya vidonge kumi, akaichomeka kwenye nyasi za paa.

Nyumba zote sita zilikuwa hivyo. Siraji alifunga mara sita. Kulusum alinywa mara sita.

"Hiyo funga yako utaifungua na nini?" Kulusum alimwuliza njiani, alipomwona akitafuna muhogo wa kuchemsha.

"Na muhogo, huoni?" alijibu Siraji. "Afadhali mimi. Wewe tumbo lako sasa ni kisima cha Yatuku."

Jioni Shangazi aliwauliza mmoja mmoja kama kuna aliyekunywa maji ya kijijini. Siraji alitikisa kichwa, na kwa hilo alisema kweli. Zamu ya Kulusum ilipofika, aliangalia miguu yake.

"Hapana, Shangazi," alisema. Siraji alimtupia jicho, akanyamaza.

Usiku wa pili baada ya ziara ile tumbo la Kulusum lilianza kumsokota. Alitoka mara tatu. Bibi alipouliza, alisema ni maharage. Asubuhi alikuwa amekaa mlangoni, mdomo mkavu, wakati Shangazi alipopokea simu kutoka kituo cha afya. Shangazi alisikiliza kwa muda mrefu. Alipomaliza, aliketi juu ya katoni la vidonge.

"Natale wa Mama Helen ameletwa usiku, anaharisha na kutapika," alisema. "Amewekewa dripu. Kuna wengine wanne, na wote wanatoka kwenye nyumba zile sita mlizotembelea. Wana vidonge, na bado wanaumwa." Aligeuza pakiti moja mkononi, akasoma tarehe mgongoni mwake mara mbili. "Labda hivi vidonge vimeharibika. Leo sitavigawa. Tutafunga makatoni yote tuyarudishe Arua yakapimwe."

"Na kile kijiji cha pili kinachotungoja?" aliuliza Siraji.

"Watangoja. Siwezi kuwapa watu dawa nisiyoiamini."

Kulusum alimwona Shangazi akichukua kamba na kuanza kufunga katoni la kwanza. Alifikiri juu ya watu wa kile kijiji kingine. Leo wangekunywa maji ya visima, na kesho pia, na keshokutwa. Shangazi alimaliza fundo la kwanza, akavuta katoni la pili.

"Shangazi, vidonge havina makosa," alisema Kulusum, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida. "Nilikunywa maji yao bila dawa, wakiniona. Nyumba zote sita. Na mimi naharisha tangu usiku. Nilikudanganya."

Mikono ya Shangazi ilisimama. Siraji akatazama pembeni. Kulusum alingoja maneno makali, lakini Shangazi aliweka kamba chini.

"Umetoka mara ngapi?"

"Mara tano, pamoja na asubuhi hii."

"Kuna damu?"

"Hapana."

Shangazi alimkorogea maji ya dawa ya kuharisha, akamsimamia mpaka akamaliza kikombe. "Umekunywa, kwa hiyo unaumwa. Hilo naelewa," alisema. "Lakini wao walikuwa na vidonge. Au hawakuvitumia? Twende tukamwulize Mama Helen mwenyewe."

Walimkuta Mama Helen kwenye kituo cha afya, ameketi sakafuni kando ya kitanda. Natale alikuwa amelala, macho yameingia ndani, sindano imefungwa kwa plasta kwenye mkono wake mdogo. Kulusum alipiga magoti.

"Mama, vile vidonge viko wapi?"

"Iko pale kwa paa, yote kumi," alijibu Mama Helen kwa uchovu. "Wewe ulikunywa. Nikasema, huyu mtoto amesoma, anajua maji mabaya. Yeye akinywa, basi maji yangu iko sawa. Nikaweka dawa kwa siku mbaya zaidi."

Kulusum alimtazama Natale.

"Nilikatazwa kunywa, mama. Niliona haya kukukatalia. Nilikufundisha kwa mdomo, halafu nikafanya kinyume mbele yako. Nisamehe."

Mama Helen alikuwa akipunga kanga kufukuza nzi usoni pa mtoto. Aliendelea kupunga.

"Ningekupa nini kingine?" aliuliza mwishowe. "Mgeni atoke kwangu koo imekauka?"

"Siku nyingine weka kidonge mgeni akiwa ameketi," alisema Kulusum. "Tungoje pamoja, halafu tunywe."

"Nusu saa nzima?"

"Habari ya mafuriko haiishi kwa nusu saa, mama."

Mama Helen alimtazama kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Hiyo ni kweli," alisema. "Haiishi."

Siku hiyo hiyo Shangazi alikata kamba na kupeleka vidonge kile kijiji cha pili. Kulusum alipopata nguvu, alirudi Yatuku na Siraji. Katika kila nyumba alisema kosa lake kwanza, ndipo akaomba jerikeni. Hakuna siku iliyompa tabu kama ile. Katika nyumba ya tatu bikizee mmoja alimgeukia Siraji.

"Na wewe, leo umefunga tena?"

"Leo hapana, bibi," alisema Siraji, kichwa chini. "Hata siku ile sikufunga."

"Nilijua," alisema bikizee. "Ulikuwa unameza mate ukiangalia muhogo wangu."

Baada ya siku nne Natale alirudi nyumbani, mwembamba lakini akidai uji kwa sauti. Shangazi alikwenda kuwatembelea pamoja na vijana wake wawili. Mama Helen alichuja maji, akatia kidonge, akatikisa jerikeni na kulifunika. Kisha akaketi nao, akaanza kusimulia jinsi mto ulivyoingia nyumbani mwake.

Mama Helen alipoinuka kumchukua mtoto, Shangazi aliongea kwa sauti ya chini.

"Mimi pia nina kosa. Niliwaambia msinywe, sikuwafundisha namna ya kumjibu mtu anayekupigia magoti. Kulusum, sikukulaumu kwa kunywa. Kukataa maji ya mtu aliyepoteza ghala lake ni kazi ngumu hata kwangu. Lakini ungenijibu kweli jioni ile, tungerudi hapa asubuhi yake, na huenda Natale asingeona sindano. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, na mwenyeji akaugua. Anayekwenda kuwasaidia watu hutazamwa kila anachofanya. Akikosea, aseme mapema, dawa ingali inafaa. Aibu ya kusema ni ya siku moja."

"Nimesikia, Shangazi," alisema Kulusum.

Mama Helen alirudi na Natale kiunoni, akamweka kwenye mapaja ya Kulusum bila kumwuliza, akaendelea na hadithi yake pale alipoiachia.