Mtanikumbuka Mkifungua Maji

Remedios Ayala alifika kwenye uzio wa kanisa kuu saa sita mchana, gauni lake la kijani limelowa hadi mapajani, mkononi kashika koki iliyopondeka, na uso umemvimba kwa hasira kama mtu aliyetoka kupigana. Kweli alikuwa ametoka kupigana. Tangu asubuhi alikuwa na koki ile jikoni kwao. Alibadilisha mpira mara tatu, na mara tatu ikaendelea kuvuja. Mara ya nne akachukua nyundo. Ndipo maji yakaruka hadi darini, na jirani wa ghorofa ya chini akapanda ngazi kuja kumtukania mama.

Kando ya uzio ule ndipo mafundi wa jiji la Mexico wanapokaa kungoja kazi, kila mmoja juu ya sanduku lake la vyuma, mbele yake kibao kilichoandikwa kwa brashi. Remedios hakusoma kibao cha mtu. Aliitupa koki juu ya sanduku la fundi wa kwanza aliyemwona hana sigara mdomoni.

"Ala! Taratibu, dada." Fundi akaiokota, akaigeuzageuza. "Hii uliipiga, au ilikupiga?"

"Tulipigana."

"Kashinda nani?"

"Kwani wewe unaonaje?"

Fundi akamtazama kuanzia nywele zinazochuruzika hadi viatu vya kisigino vilivyojaa maji. "Koki imekufa, na wewe umelowa. Sare."

Remedios alijikaza asicheke, akashindwa. Yule bwana alikuwa na miaka arobaini kasoro, mabega mapana, shati jeupe lililopigwa pasi, jambo ambalo hulioni kwa mafundi bomba, na mikono mikubwa iliyooshwa vizuri. Jina lake Baltazar Quiroz. Kibao chake kilisema: FUNDI BOMBA. MIAKA KUMI NA MIWILI CHICAGO.

"Na huko Chicago walikufukuzia nini?"

"Nimeondoka mwenyewe. Kule hakuna mwanamke anayepiga koki kwa nyundo. Nilikuwa mpweke."

"Beba sanduku lako twende, we mropokaji."

Mabomba ya mtaa wa Guerrero yana roho mbaya, niamini mimi. Ukiziba hapa, panatoboka pale. Ukikaza nati hii, ile ya pili inakatika mkononi na kutu yake yote. Baltazar alikuja siku ile, akaja kesho yake, akaja wiki iliyofuata. Remedios, ambaye zamani alilaani kila tone lililoanguka sakafuni, sasa alianza kuomba bomba jingine lipasuke. Likichelewa, alilisaidia.

"Haloo, fundi? Choo kinavuja."

"Choo? Si nilikikaza jana?"

"Kimelegea."

"Kimelegea chenyewe, malkia wangu, au kimelegezwa?"

"Unakuja au huji?"

"Niko kwenye ngazi zenu tayari."

Remedios alikuwa mshonaji. Alishona magauni ya harusi katika soko la Lagunilla, magauni ya watu wengine, na mchana kutwa simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega huku sindano ikitembea.

"Baridi yangu ya kwanza Chicago," Baltazar alimsimulia siku moja, "natoka kazini nimeganda. Bafuni nakuta koki mbili, moja ina C, nyingine H. Nikajiambia, mambo si hayo? C ni caliente, ya moto. H ni helada, ya barafu. Nikajimwagia C yote kichwani."

"Ikawaje?"

"Barafu tupu! Kumbe wenzetu lugha yao iko kinyume. C yao ndiyo baridi, H ndiyo moto. Nilipiga yowe, jengo zima likaamka."

Remedios alicheka hadi akajichoma kidole, na tone la damu likaingia kwenye shela ya bibi harusi wa watu. "Yesu wangu! Umeniharibia kazi!"

"Basi gauni hilo chukua wewe. Kwani la kwako utashona lini?"

"Akipatikana wa kunipeleka kanisani."

"Mimi mbona nakaa kanisani kila siku?"

Hapo Remedios alishona mshono mzima bila uzi kwenye sindano.

Kikwazo kilikuwa Fermín, kaka yake. Fermín alikuwa muuza nyama, mtu wa visu na makonde, na tangu baba yao afariki alijifanya mwenye nyumba, mwenye mama na mwenye dada. Mchumba wa kwanza wa Remedios alitoka pale bila meno mawili. Wa pili alisikia habari za wa kwanza, akajiondokea.

Jumamosi moja Fermín aliingia na koki mpya ya kung'aa, vishikio viwili, aliyoinunua kwa bei ya kutupa kwenye vibanda vya bidhaa za ng'ambo vya Tepito. Akamkuta Baltazar jikoni kashika mkono wa Remedios, na hakukuwa na bomba lolote linalovuja.

"Funga hii," akasema, akaitupa sakafuni. "Ukimaliza nisiione tena sura yako hapa."

"Sura yangu ina kosa gani, shemeji?"

Neno shemeji lilimchoma Fermín. Konde lilitua mdomoni, Baltazar akaanguka juu ya sanduku lake, na kabla hajainuka kiatu kikamzamia mbavuni mara mbili. Remedios alimrukia kaka yake mgongoni akimng'ata sikio. Akatupwa ukutani, sahani zikamporomokea. Mama yao, Doña Eulalia, alisimama mlangoni akipiga ishara ya msalaba na kulia.

Baltazar aliinuka. Akatema damu kwenye sinki. Akaifunga koki ile kimya kimya, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukishikilia mbavu, akaipangusa damu iliyoidondokea, akaijaribu, haikuvuja hata tone. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mtanikumbuka kila mkifungua maji," akasema, akaenda zake. Spana yake kubwa aliisahau chini ya sinki.

Remedios aliyachukua kama maneno ya mapenzi, akalala nayo.

Jumapili asubuhi Fermín alipandisha boila, lile tangi la kuchemshia maji, hadi mwisho ili aoge. Kabla ya misa Doña Eulalia aliinamisha kichwa kwenye sinki kuosha nywele kwa maji ya baridi, kama alivyofanya maisha yake yote. Akafungua kishikio hadi mwisho. Yowe alilopiga halikuwa la binadamu. Remedios alimvuta, na ngozi ya bega la mama yake ikambakia mkononi, laini, ya moto, kama utando wa maziwa.

"Alituambia mchana kweupe!" Fermín alinguruma kwenye ukumbi wa hospitali. "Mtanikumbuka mkifungua maji! Kageuza mabomba, mshenzi yule! Na wewe ndiye uliyetuletea!"

Remedios alirudi nyumbani kuchukua nguo za mama, akaiona spana chini ya sinki. Nguo hazikuchukuliwa.

Kengele za misa zilikuwa zinalia. Baltazar alisimama kwenye uzio, mdomo umevimba, mkono wa kulia umeshika nondo ya uzio. Alipomwona Remedios, uso wote ukachanua.

"Umeniletea spana, malkia wangu! Nilijua tu—"

Remedios aliupiga kwa spana mkono ule ulioshika nondo. Mifupa ilialika kama kuni kavu. Akapiga tena palepale. Baltazar alianguka kwa magoti, mkono kaukumbatia kifuani.

"Reme," alisema hatimaye. "Nimefanya nini?"

"Umemchemsha mama yangu! Umemchemsha kama kuku!"

Akaitupa spana mawe yakalia, akampa kisogo. Simu yake iliita mara kumi na moja njiani. Hakuipokea. Alirudi hospitalini akijiambia njia nzima kwamba amefanya haki.

Hospitalini Fermín hakuwepo. Doña Eulalia alikuwa amefungwa bendeji kichwa na bega, midomo imekauka.

"Kaka yako kaenda dukani kuchukua kisu," mama alinong'ona. "Nimemzuia, hasikii. Mwanangu, mimi ndiye mjinga. Nilisoma vizuri kabisa. Nilifungua ya barafu."

"Ulisoma wapi, mama?"

"Pale kwenye koki. C na H. Nikaikwepa C, si ndiyo caliente? Nikafungua H, helada..."

Remedios akaikumbuka hadithi ya Chicago. Koki ya kutoka ng'ambo. C yao ndiyo baridi, H ndiyo moto. Siku ile alicheka hadi akajichoma kidole. Katika nyumba ile nzima ni yeye peke yake aliyeambiwa jambo hilo, na ni yeye aliyebeba spana.

Alipiga simu. Safari hii Baltazar hakupokea. Basi akavua viatu, akakimbia pekupeku, akivuka barabara huku madereva wakimtukana, hadi akaona umati kwenye uzio.

Fermín alikuwa amemkaba Baltazar koo kwa mkono mmoja, kisu cha kuchunia kimegusa chini ya sikio, na damu imeshaanza kushuka kwenye kola nyeupe. Mafundi walikuwa wamemzunguka na nyundo na spana zao, hakuna anayethubutu kusogea.

"Sema uligeuza mabomba! Sema nikumalize!"

"Muache!" Remedios alipenya katikati. "Fermín, koki uliinunua wapi?"

"Toka hapa!"

"Wapi? Ni koki ya kaskazini, mpumbavu wewe! Ile C ni baridi! H ndiyo moto! Yeye kaifunga sawasawa, sisi ndio tumeisoma vibaya!"

"Unamtetea hawara yako!" Kisu kikaenda. Remedios alikidaka kwa kiganja, makali yakazama hadi mfupani, na hakukiachia.

"Boila nani kalipandisha hadi mwisho?" alimuuliza kaka yake, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. "Koki nani kaileta? Na C, mimi nilijua. Nilijua, Fermín! Tuchinje sote watatu basi!"

Fermín aliutazama mkono wa dada yake kwenye kisu. Vidole vyake vikalegea. Fundi mmoja alimtandika nyundo ya mgongo, wa pili akamkanyaga, na wangemuua kama Baltazar asingesema, kwa sauti ya kukwaruza, "Mwacheni. Mama yake yuko hospitali." Fermín alijikokota hadi kwenye sanduku la mtu, akakaa, akalia kwa kwikwi mbele ya waumini waliotoka misani.

Remedios alibaki amesimama. "Mbona hukuniambia ni koki ya aina ile?"

"Nilikuwa natema damu, Reme. Nikaona herufi, nikaunga nilivyozoea miaka kumi na miwili. Nikasahau niko nyumbani." Akautazama mkono wake uliokuwa umevimba na kuwa mweusi. "Ila hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Ungeuliza."

Neno hilo moja lilimuuma kuliko kiganja.

Wiki sita Baltazar hakupiga simu, na Remedios hakuwa na uso wa kumpigia. Doña Eulalia alirudi nyumbani na kovu hadi sikioni. Fermín alihamia nyuma ya bucha lake, mama hataki kumwona. Siku ya arobaini na tatu mlango uligongwa.

"Nimekuja kung'oa ile koki," Baltazar alisema. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimenyooka, havikunjiki tena. "Ila siwezi kushika spana."

"Nishike mimi."

"Wewe? Spana?" Wakatazamana, na kicheko kiliwatoka kwa maumivu. "Haya, malkia wangu. Kushoto. Kushoto, nimesema! Huo ni mkono gani?"

"Imeshikana, shetani hii! Lete nyundo!"

"Nyundo hapana. Kwanza unaiuliza."

"Naiuliza nini?"

"Kinachoiuma."

Remedios alipiga magoti chini ya sinki, kiganja chenye kovu kwenye chuma, machozi na maji machafu yakimchuruzika usoni, na safari hiyo hakupiga kitu. Nati ikazunguka. Doña Eulalia, kwenye kiti chake, akaguna: "Asante Mungu. Sasa muoane, nipate kuoga."

Jumatatu iliyofuata Baltazar alimkuta Remedios ameshakaa kwenye uzio juu ya sanduku, amevaa lile gauni la kijani, brashi mkononi. Maneno ya Chicago yamefutwa. Kibao kilisema: MAFUNDI BOMBA. MUME NA MKE.

Baltazar alikisoma mara mbili. "Lakini hatujaoana."

"Ndiyo maana nakuuliza," Remedios akasema. "Nimeuliza kwanza, umeona?"

Baltazar aliweka ule mkono uliovunjika ndani ya ule wa Remedios uliokatwa na kisu. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi nyuma yao.

"Twende," akasema, "kabla rangi haijakauka."