Sufuria Isiyo na Mfupa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chapu alikimbia kutoka nyumbani hadi kwenye bucha la baba yake, akagusa mlango wa bati, akarudi mbio. Jina hilo alipewa na wenzake kwa ajili ya miguu yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mbio za mita mia nane, wasichana wenzake walikijua kisogo chake tu.

Baba alijivunia jambo hilo. "Binti yangu hatumii uchawi," aliwaambia wateja huku akipiga shoka kwenye gogo. "Anakimbia kwa nyama hii hii mnayoiona."

Siku moja ya likizo, Chapu alimsindikiza baba machinjioni. Uani alikuwepo mbuzi mwenye madoa, amefungwa kamba. Chapu akamlisha majani ya kabichi, na mbuzi akamlamba kiganja. Kabla ya adhuhuri aliiona ngozi yenye madoa imeanikwa ukutani. Hakulia. Ila jioni ile nyama ilimkwama kooni, na tangu hapo hakuitaka tena.

Amwambie baba? Angeanzia wapi? Aliona kwamba kusema "sitaki nyama" ni sawa na kusema "siitaki kazi yako". Akanyamaza. Kila jioni, mama akigeuka tu, alihamishia nyama yake kwenye sahani ya mdogo wake, Kibonge, mwenye miaka mitano. Kibonge hakuuliza swali hata moja.

Tatizo ni kwamba katika nyumba ya muuza nyama hakuna sufuria inayoinjikwa bila mfupa. Maharage yalipikwa na mfupa. Mboga za majani, mfupa. Hata njegere! Mama hakuona kwa nini mifupa mizuri itupwe. Basi Chapu, kwa kuikwepa nyama, alikwepa karibu kila kitu. Akabaki na wali mkavu, mkate na chai ya rangi.

"Mbona huli?" mama aliuliza.

"Nimekula shuleni."

Shuleni alisema atakula nyumbani.

Baada ya miezi miwili, pumzi ilianza kumwishia njiani. Siku moja mazoezini, rafiki yake Mrefu, ambaye hakuwahi kumpita, alimpita.

"We Chapu, leo umemeza mawe?" Mrefu alimtania.

Chapu alitaka kujibu, lakini uwanja ukamzunguka. Akakaa chini. Mwalimu wa michezo alimpa maji, akamtazama macho.

"Kesho nenda zahanati na mama yako," alisema. "Mashindano ya shule zote yamebaki wiki nane, na nafasi ni moja. Wiki ya saba nitawashindanisha wewe na Mrefu. Atakayeshinda ndiye atakayekwenda."

Zahanati, muuguzi alimtoboa kidole, akapima. "Damu yake imepungua. Huyu mtoto anakula nini?"

"Nyumbani kwetu?" Mama alishangaa. "Baba yake muuza nyama! Anakula nyama kila siku."

"Nyama ya dada naila mimi," Kibonge alisema, akiwa amepakatwa na mama.

Mama akamgeukia Chapu, na Chapu akasema yote, kuanzia kwa yule mbuzi.

"Kuacha nyama si kosa," muuguzi alisema. "Wapo wakimbiaji hodari wasioila. Kosa ni kuiacha na usiweke kitu mahali pake. Maharage, dengu, karanga, mayai, maziwa, mboga za majani, na chungwa baada ya chakula. Chai usiinywe pamoja na mlo. Nitakupa na vidonge vya kuongeza damu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa kamwambie baba yako," mama alisema. "Mimi sikusemei."

Jioni baba alirudi, akaanza kunawa mikono kwa limau kama kawaida yake. Chapu alimweleza akiwa ameinama. Baba aliendelea kunawa muda mrefu.

"Kwa hiyo kazi yangu inakutia kinyaa?"

"Hapana, baba! Ni yule mbuzi tu. Alinilamba."

Baba akafuta mikono polepole, kisha akacheka kidogo. "Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, sikula nyama miezi minne. Babu yako alidhani nina minyoo." Akamshika bega. "Kinachoniuma ni kwamba mwanangu amelala na njaa ndani ya nyumba yangu, nami naringa mbele ya wateja."

Kesho yake baba alirudi na mfuko wa maharage begani. Wauza nyama wenzake walimzomea njia nzima wakimuuliza kama amehamia shambani. Mama alitenga sufuria moja, akatangaza: "Hii ni ya Chapu. Atakayetia mfupa humu atanijua mimi ni nani!"

Nguvu hazikurudi kwa siku moja. Wiki ya kwanza Chapu alichoka vilevile. Wiki ya nne miguu ikaanza kumtii.

Siku ya kushindanishwa, Mrefu alitangulia tangu mwanzo. Kwenye kona ya mwisho Chapu alimfikia, wakaenda bega kwa bega, na mwishoni akamshinda kwa hatua moja.

"Hayo maharage nipe na mimi," Mrefu alisema akihema, akampa mkono.

Baba alikuwa amefunga bucha na kuja kutazama, aproni ingali mwilini.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mwili unataka kulishwa vizuri tu; kwa nyama au kwa maharage, utakwenda. Lakini mzazi hawezi kukusaidia kwa jambo ulilomficha. Ukiwa na neno, lilete mezani, hata kama ni chungu. Mimi ni mtu mzima, nitalimeza."

Chapu akamkumbatia kwa nguvu, bila kujali damu iliyokuwa kwenye aproni.