Nukta ya Tatu

Ndege ilikuwa imeoshwa asubuhi ile ile, sasa harufu ya mwani ilitoka wapi? Mama Rada, ndivyo walivyomwita kazini, alinusa kiti, akanusa mikono yake, akaachana nayo. Ilikuwa siku ya tatu ya kumtafuta mdogo wake, aliyetoka na kiboti cha injini moja asirudi, na rubani alikuwa mumewe mwenyewe.

Kiboti kidogo kinasumbua rada, jamani! Wimbi likiinuka kidogo tu, nalo linang'aa kwenye skrini. Ndiyo maana walikuwa na sheria yao: nukta ikitokea mara moja ni wimbi, mara mbili ni labda, mara tatu mahali pamoja ni chombo. Juzi aliiona mara mbili, akamwomba mumewe ageuze. Mume akachungulia dirishani kwake. "Wimbi tu, mke wangu. Na mafuta yanatuishia." Akamwamini. Angemwamini nani mwingine kule angani?

Sasa nukta ikatokea. Mara ya pili. Ya tatu.

"Umbali gani?" rubani aliuliza.

"Sifuri," alinong'ona. "Kiko humu ndani."

Harufu ikazidi, maji ya chumvi yakaanza kuchuruzika upande wa ndani wa dirisha la rubani, na kwenye hedifoni, katikati ya mikwaruzo, akasikia mtu akihema, akihema kwa shida, mpaka pumzi zile zikawa sauti anayoijua tangu utotoni: "Dada, shemeji aliniona. Nilivua shati nikampungia. Naye akanipungia."

"Baba watoto, juzi uliona nini?"

Mumewe akasema taratibu, "Alinitukana mbele ya watu. Nikasema alale baharini usiku mmoja, ajifunze. Jana nilimtafuta, haki ya Mungu, sikumwona tena."

Alitamani kumrukia, lakini nani angewashusha?

Walitua salama. Mkono wa kulia wa rubani ndio haukutua. Ulipunga nyumbani, mezani, hata usingizini.

Mganga aliyeitwa alitoka chumbani jasho likimtiririka. "Ni jini la bahari, limeingia kwa dhuluma aliyotenda. Litatoka wewe ukimsamehe, mama. Hata sasa hivi."

Kupitia mlango uliobaki wazi, mumewe alimtazama, machozi yakimtoka, mkono ukipunga.

"Alale nalo usiku mmoja kwanza," Mama Rada alisema. "Ajifunze."