Manyoya Kabla ya Kuruka

Walikutana sokoni kwenye mabanda ya kuku, asubuhi ya msongamano. Mwanamke alikuwa mchoraji wa makumbusho, amevaa gauni la buluu na viatu vyeupe, akiokota manyoya kwenye pipa la taka. Muuza kuku, mrefu, aproni kiunoni, akamuuliza kama anashona mto.

"Namchora dinosaria, babu wa kale wa hawa kuku wako," alijibu. "Alikuwa na manyoya, ila hakuruka."

"Sasa manyoya ya nini, bibie?"

"Ya joto. Na ya kuringia."

"Kumbe kama hivyo viatu."

Mchoraji alicheka bila kupenda. Muuza kuku akaegemeza ubao ukutani na kuachia vifaranga wasiojua kuruka. Wakaukwea mbio, wakipigapiga vibawa ili miguu isiteleze. Mchoraji alikuwa amesoma kwamba huenda mbawa zilianza kazi hivyo, lakini hakuwahi kuona kwa macho yake.

Tangu hapo mchoraji akawa haishi kwenda sokoni. Wasipoonana walipigiana simu, yeye akiitwa "kifaranga wangu", mwenzake "mwalimu". Alipomaliza picha, mnyama wa kale akikwea mteremko kwa mbawa changa, aliandika chini yake jina la muuza kuku.

Mjomba wa mchoraji, aliyemlea na ndiye mkuu wa makumbusho, alilifuta jina hilo kimyakimya, akalikata pia kwenye orodha ya waalikwa wa sherehe ya kuzindua picha. Muuza kuku aliposikia sherehe imetangazwa naye hajaalikwa, aliamini mpenzi wake anamwonea haya. Akazima simu.

Siku ya sherehe mchoraji aliona palipofutwa. Alimkabili mjomba, akaambiwa asiwaaibishe mbele ya wageni. Alitoka na gauni lake refu la hariri hadi sokoni, akamweleza muuza kuku yote, akamshika mkono na kurudi naye, aproni na yote.

"Mjomba," alisema ukumbi ukisikia, "huyu ndiye aliyenifundisha nilichokichora. Jina lake linarudi leo. Na ndiye atakayenioa, akikubali."

"Mbona hata hujaniuliza?" muuza kuku alinong'ona.

"Nakuuliza sasa."

Mjomba alitoka nje. Hakuna mgeni aliyemfuata.

Muuza kuku aliisogelea picha, akaikagua. "Nimekubali," alisema. "Ila mkia umeukosea. Akikwea hivyo, ataanguka."

Mchoraji akavua viatu, akapandisha gauni magotini, akaomba ngazi na brashi.