Kina cha Kilomita Kumi na Nne

Saa nne na nusu asubuhi, mama wa usafi alimkuta mkuu wa kituo cha kupima matetemeko chini ya ngazi za chumba cha mashine, kichwa kimepasuka, na ndoo ya usafi imepinduka kando yake. Akapiga yowe. Kufikia saa nane, mkuu akiwa hajazinduka hospitalini, kituo kizima kilikuwa kimeshamhukumu yule mama.

Inspekta wa polisi hakupenda kesi inayojileta yenyewe mkononi. Alianza na msomaji wa chati za matetemeko, mwanamume nadhifu aliyemuoa binti wa pekee wa mama huyo.

"Mkuu aliongea na mkewe kwa simu mpaka saa nne na robo. Baada ya hapo wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa mezani, afande. Saa nne na dakika kumi na mbili kulitokea tetemeko dogo katikati ya bahari, mbali kabisa, hata samaki sidhani kama walishtuka. Nililisoma kwenye chati, nikaliandika. Sikuinuka mpaka niliposikia yowe."

Akasukuma daftari. Wino mmoja, hakuna palipofutwa. Inspekta akasoma kwa sauti: ukubwa nne nukta sita, kina kilomita kumi na nne, limeandikwa saa nne na dakika ishirini na nane, na sahihi yake. Inspekta hakujua tetemeko lolote zaidi ya la magoti yake akipanda ngazi, lakini unadhifu ule ulimtia shaka.

"Na mama mkwe wako?"

Akashusha sauti, ingawa mama alikuwa amesimama pale pale mlangoni. "Mkuu alimfokea asubuhi kwa maji aliyoyaacha kwenye ngazi. Mama ana hasira za karibu, afande. Nyumbani tunamjua."

Tangu asubuhi mama alikuwa kimya. Hata alipoambiwa kwamba mkuu akifa atashtakiwa kwa mauaji, aliinamisha kichwa tu. Sasa alimkazia mkwewe macho, jambo ambalo heshima haikuwahi kumruhusu kulifanya.

"Tetemeko la mbali baharini huandikwa kina kumi kwanza," alisema. "Miaka kumi na tisa nafuta vumbi humu, afande, nawasikia. Kituo kimoja hakiwezi kujua kina chake. Wanaweka kumi mpaka makao makuu walete hesabu kamili."

Inspekta akaenda kwenye printa. Karatasi mbili za makao makuu zilikuwa bado kwenye trei. Ya kwanza, saa nne na dakika ishirini na sita: kina kumi, makadirio. Ya pili, saa saba kasoro dakika kumi: marekebisho, kina kumi na nne.

"Saa nne uliijuaje habari ya saa saba?"

Mwanamume akalifunga daftari. Kisha yakamtoka yote.

"Mkuu aligundua kwamba sisomi chati. Miezi sita nanakili tu taarifa za makao makuu. Akasema leo leo ananifukuza. Nilimfuata ngazini kumbembeleza, akanipa mgongo, nikamsukuma. Ndoo ilikuwepo, nikaipindua."

Inspekta akamgeukia mama. "Ulijua?"

"Nilimwona akitoka ngazini, suruali imelowa. Nilinyamaza kwa ajili ya binti yangu. Nilidhani atasema mwenyewe. Kumbe alikuwa ananiacha niende jela."

Pingu zilipofungwa, inspekta alijitolea kwenda kumweleza binti. Mama alikataa. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya daftari.

"Nitamwambia mimi. Ila gari lenu lisinitangulie nyumbani, afande. Niacheni nifike kwanza."