Boti Tatu kwa Jina la Babu

"Ndiye huyo! Mkamateni! Boti ni yake!"

Gaudiosus alikuwa katikati ya mto Kagera, pondo mkononi, aliposikia kelele hizo. Akageuka...

Rweyemamu! Shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, amesimama ukingoni na tarishi wa baraza, anamnyooshea kidole!

Jamani, huyo Gaudiosus ndiye babu yangu, mzaa baba. Mkasa huu ulimpata miaka ya hamsini, huku kwetu Mabira.

Rweyemamu alikuwa na duka Kayanga na boti tatu za mbao za kuvusha watu na ndizi. Moja akamkodisha babu. Walielewana hivi: utavusha, utanilipa kodi kila mwezi, miaka ikitimia boti inakuwa yako.

Makubaliano ya mdomo tu, wakinywa rubisi, pombe ya ndizi. Si shemeji?

Babu akalipa. Boti ikivuja, anaziba yeye. Akichelewa kidogo tu, Rweyemamu huyo mlangoni:

"Usijisahau, boti ni yangu! Nikitaka kesho naichukua!"

Sasa leo imekuwaje ya Gaudiosus?

Tarishi akapaza sauti:

"Gaudiosus! Unadaiwa ushuru wa boti tatu, tangu mwaka juzi! Njoo hapa!"

"Tatu? Mimi nina moja, tena ya kukodi!"

"Zote zimeandikishwa kwa jina lako!"

Mnaona alivyochezewa? Mwenye boti ndiye aliyetakiwa kulipa ushuru. Rweyemamu akaenda barazani kimya kimya, akasema zote ni za shemeji yake. Kodi anakula yeye, ushuru unamsubiri babu. Na asiyelipa alifungwa, kazi ngumu juu!

Babu akageuza boti, akakimbilia ng'ambo, Ruanda.

Kule nako askari wa Wabelgiji.

"Kibali cha boti kiko wapi?"

Hana!

Mbele askari. Nyuma tarishi. Akajichomeka kwenye mafunjo, katikati ya maji, akajikunja humo.

Jua likamchoma mgongo. Njaa ikamsokota. Kiboko akaibuka karibu mpaka boti ikayumba, na babu hata kupiga kelele hakuthubutu. Nchi mbili anaziona kwa macho, hana pa kuweka mguu!

Akalala humo humo.

Asubuhi akachungulia. Akamwona mkewe, Joviana... amesimama katikati ya tarishi na Rweyemamu!

Na yeye pia?!

"Baba Aristides! Toka huko, njoo!"

"Watanifunga, Mama Aristides!"

"Njoo, nimekwambia!"

Babu aliwaza: yule ni kaka yake, tumbo moja. Mimi ni nani kwake?

Lakini angekwenda wapi? Akasukuma boti huku machozi yanamtoka. Kukanyaga tu nchi kavu, kamba mikononi!

Wakampeleka barazani kwa mkungu, mkubwa wa eneo lile. Watu wamejaa. Joviana akapiga magoti.

"Waitu, mkubwa wetu, shikamoo. Naomba kaka yangu aseme mbele ya watu wote. Boti ni za nani?"

Rweyemamu akacheka.

"Za mumeo."

"Zote tatu?"

"Zote! Mimi sina hata kasia. Naapa mbele ya Mungu!"

Gaudiosus akafumba macho. Kwisha habari yake...

Joviana akafungua fundo la shuka. Kumbe jana yake, mumewe akiwa kwenye mafunjo, yeye alikuwa Nyabiyonza anauza ng'ombe wake, yule aliyepewa na baba yake siku ya harusi. Akaweka hela mbele ya karani.

"Huo ni ushuru wa boti tatu, na faini yake. Sasa naomba tukabidhiwe boti zetu."

Rweyemamu akaruka.

"Boti zipi? Zile zangu! Nimenunua kwa jasho langu!"

Mkungu akamtazama.

"Zako? Basi nikufunge kwa kukwepa ushuru, au kwa kuapa uongo? Chagua."

Shemeji akakaa chini.

Babu akafunguliwa kamba. Aliingia mle mfungwa, akatoka na boti tatu!

Ila msidhani ilikuwa raha tupu. Kwao walimsusa bibi. Mama yake alipofariki, hakuna aliyemletea habari. Alisikia kwa abiria, tena ameshazikwa.

Miaka ikapita. Siku moja Rweyemamu akaja Mabira kwa miguu. Duka lilikuwa limekufa.

"Shemeji... nikodishe hata moja."

Bibi alikuwa anamenya ndizi, hainui uso.

"Nitakukodisha," babu akasema. "Lakini kwanza twende barazani. Tuseme mbele ya watu boti ni ya nani leo, itakuwa yako lini, na ushuru analipa nani."

Rweyemamu akainamisha kichwa. Wakaenda.

Ndugu zangu mnaochukua vyombo kwa mkataba, iwe boti, iwe bodaboda... maswali hayo yaulize kabla hujaondoka na chombo. Tena mbele ya mashahidi. Hata kama anayekupa ni shemeji.

Hasa kama ni shemeji!